Skrini Iliyowapa Wafiwa Kisogo

Kuna maumivu ambayo jirani hayaoni. Mwenye nayo huenda nayo kazini, hula nayo, hulala nayo, na aliye mzima kando yake humwambia, "Mbona uko sawa tu?" Wahenga waliliona jambo hilo na hawakupoteza maneno mengi. Walisema kitanda usichokilalia hujui kunguni wake, maana yake shida ya mahali huijua yule anayekaa pale, na anayetoa ushauri akiwa nje hutoa ushauri wa mpita njia. Ezéchiel Nkongolo aliifahamu methali hiyo tangu shule ya msingi, na aliweza hata kuifafanua kwa mifano. Lakini kuijua methali na kuumwa na kunguni ni mambo mawili.

Ezéchiel na mkewe Blandine waliishi Manika, mjini Kolwezi, katika nyumba ya matofali ambayo vumbi la malori liliipaka rangi upya kila kiangazi. Babu zao wote wawili waliletwa kutoka Kasai kufanya kazi migodini, na wajukuu wakabaki. Ezéchiel alikuwa karani wa manunuzi katika kampuni ndogo iliyohudumia migodi. Glovu, pampu, kofia za mgodini, viti vya wakubwa, vyote yeye ndiye aliyevichagua. Alikuwa mume mwema: hanywi, hapigi, halali nje. Kasoro yake ilikuwa moja, kwamba hapakuwa na kitu chini ya jua ambacho hakukijua. Kwa kuwa kifungua mimba wao, aliyekuwa akisoma Likasi, aliitwa Merdi, wao waliitana Tata Merdi na Mama Merdi, kama ilivyo desturi ya huko.

Blandine alichora nyuso za marehemu. Mtu akifa Kolwezi, ndugu huhitaji picha yake kwa ajili ya bango la kitambaa linalofungwa barabarani na kwa fulana zinazovaliwa siku ya mazishi. Lakini picha yenyewe mara nyingi haifai. Vijana wanaokuja kutoka pembe zote za Kongo kuchimba shaba na kobalti huacha nyuma picha za simu zilizojaa vumbi, au kadi ya mpiga kura, ambayo humfanya hata malaika aonekane mwizi. Blandine aliichukua picha hiyo na kumchora marehemu upya kwa kalamu, juu ya skrini ya kuchorea iliyounganishwa na kompyuta, bapa na nzito kama sinia ya harusi. Alimpangusa vumbi, akamvalisha koti, akamfumbua macho.

Tena hakuchora peke yake. Katika matanga ya kwao mfiwa haketi kitini. Huketi chini, mkekani, na kila kinachomhusu hupelekwa pale alipo. Kwa hiyo Blandine aliilaza skrini yake juu ya meza fupi ya sebuleni, akaketi kwenye kigoda, na wafiwa wakaizunguka kutoka mkekani kama watu wanaokula bukari, ule ugali wa huko, katika sahani moja. Huyu alisema shavu lijae kidogo, yule alisema nywele zilianzia nyuma zaidi, na uso ukaja polepole mpaka mmoja wao akaangua kilio. Hapo Blandine alijua kwamba amefika. Watu walimfuata kwa sababu hiyo. Walikuwepo wachoraji wengine mjini wenye mitambo mipya kuliko wake, lakini kwao uliacha picha yako mlangoni ukarudi kesho.

Miaka ya kuinama namna hiyo haikumwacha salama. Shingo ilianza kumuuma, maumivu yakashuka begani, yakafika kwenye kiwiko, kisha vidole viwili vya mkono wa kuume vikafa ganzi kana kwamba si vyake. Asubuhi moja kikombe cha chai kilimponyoka mbele ya wageni, akacheka ili wasione kwamba amechoka. Alikuwa amechoka sana. Alichoka akiamka, alichoka akichana nywele, na wakati mwingine, Mungu amsamehe, alizichoka hata zile nyuso.

Muuguzi wa zahanati alimpapasa shingo akatikisa kichwa. "Mama, mishipa imebanwa. Inua ile kazi ikuje kwako, usiifuate kule chini. Hautaki, basi uache kuchora, juu ule mukono utakufa kabisa."

Kuacha kuchora! Blandine alirudi nyumbani kwa miguu, ameyabeba maneno hayo kama ndoo ya maji isiyo na mpini. Hakuwa na kazi nyingine, wala hakuwahi kuitamani nyingine. Ilimpasa apate stendi ya kuinulia ile skrini, au support kama wasemavyo Kolwezi, na aipate kabla mkono haujamkimbia.

Ezéchiel aliposikia, uso ulimng'aa kwa furaha ya mtu aliyeombwa ushauri katika fani yake, ingawa hakuna aliyemwomba.

"Mama Merdi, ile unaachia mi," alisema. "Kuchagua bitu njo kazi yangu. Écran inapaswa kuwa sawasawa na macho. Njo sheria ya mabiro yote."

"Tata Merdi, mi siko mu biro. Mi siangaliake tu écran, mi naegemea juu yake. Mukono muzima unalala pale."

"Utazoea."

"Na batu ba kilio? Beko chini. Bataona wapi?"

"Bataona ku bango, wakati itatoka. Batu banapenda sana kuchungulia kazi ya mutu. Mi patron akisimama nyuma yangu, sifanye kitu ya maana."

Akafungua simu yake. Alisoma maoni ya wanunuzi wa nchi ambazo hazijui bukari ni nini, akalinganisha uzito na aina za chuma, akapiga picha za hili na lile, na kila alipomwonyesha mkewe alikuwa ameshaamua. Blandine alijaribu kusema jambo jingine, kwamba yeye huigeuza skrini mara nyingi, leo kwa shangazi, kesho kwa kaka. Shingo ikamuuma akanyamaza. Mchovu hashindi mabishano, huyaacha tu.

Kilichonunuliwa kilikuja na lori kutoka Lubumbashi. Kilikuwa mkono wa chuma wenye springi, mweusi, unaong'aa, unaofungwa kwa bano kwenye ukingo wa meza ndefu na kuibeba skrini hewani. Ezéchiel aliketi mwenyewe kwenye kiti cha kulia chakula, akanyoosha mgongo, akaipandisha skrini mpaka ikatazamana na macho yake, na macho yake yalikuwa juu kuliko ya mkewe kwa kiganja kizima. Aliona springi inayumba kidogo, basi akachukua spana akazikaza nati zote mpaka mishipa ya shingo ikamtoka. Kisha akamwita Modeste, mwenzake wa ofisini, aje aone.

"Eh, Ezéchiel!" alisema Modeste akiwa amesimama mlangoni, mikono mfukoni. "Sawa vile ku uwanja wa ndege!"

Wote wawili waliitazama kwa fahari. Hakuna hata mmoja aliyeshika kalamu.

Blandine alipoanza kuitumia, aligundua mara moja kwamba mumewe amenunua stendi ya kutazamia, si ya kuchorea. Alipoegemeza mkono ili avute mstari wa taya, skrini ilirudi nyuma, alipouondoa, ikamrudia. Ilimbidi achore mkono ukiwa hewani, bila kuegemea popote, na jioni bega lilikuwa linawaka moto. Shingo, iliyozoea kuinama, sasa ilibidi iinuke kumtafuta marehemu huko juu. Alimwambia mumewe. Ezéchiel alimjibu kwa upole kwamba kila kitu kipya huleta uchungu kidogo, hata kiatu.

Katika majuma hayo ndipo alipofika Mama Laurentine. Alikuwa mjane wa makamo kutoka Manono, aliyekuja Kolwezi kumfuata mwanawe Josias aliyekuwa mchimbaji upande wa Tenke. Watu walidhani Josias amefukiwa na udongo, lakini malaria ndiyo iliyomuua, hapo hapo machimboni, mbali na sindano. Mama huyo hakuwa na ndugu mjini. Marafiki wa mwanawe walimleta kwa pikipiki, wakamwacha na kadi moja ya mpiga kura.

Aliingia, akatafuta mkeka, akaketi chini. Blandine aliketi juu kwenye kiti, nyuma ya ule mkono wa chuma, na kati yao ikawa skrini. Kutoka mkekani Mama Laurentine aliona mgongo wake tu, mweusi, wenye waya zinazoning'inia.

"Mama," aliuliza baada ya muda, "mutoto yangu eko uko nyuma?"

"Eko huku, Mama. Nitakuonyesha."

Blandine alijaribu kuigeuza. Nati zilikuwa zimekazwa na mwanamume mwenye nguvu, na spana ilikuwa garini, na gari lilikuwa kazini na Ezéchiel. Akavuta kwa mkono wa kushoto, kisha kwa mkono wa kuume wenye ganzi, skrini haikusogea.

"Simama kidogo, Mama, ukuje huku."

Mama Laurentine alimtazama kama mtu aliyeambiwa jambo lisilosemwa. Mfiwa asimame, achungulie begani mwa mtu kama mnunuzi wa sokoni? Hata hivyo alijaribu. Aliinuka nusu, akaona kipande cha paji la uso, akaketi tena. "Haina mambo," alisema. "Chora tu. Wewe unajua."

Blandine akachora peke yake, akiifuata ile kadi. Uso ulitoka safi na macho yalitoka mazuri. Hakuna aliyelia, naye alikuwa amechoka mno kujiuliza kwa nini.

Siku ya mazishi alikwenda kutoa pole. Vijana wa machimboni walikuwa wakilifunga bango kati ya miti miwili, na upepo ulipolijaza, Josias akaonekana mkubwa, amesimama wima kama askari. Mama Laurentine aliinua uso kutoka mkekani, akatazama kwa muda mrefu.

"Huyu si Josias," alisema.

Vijana waliokuwa wakifunga kamba wakageuka.

"Huyu ni mutu wa karata, ile ya kupiga kura. Josias hakusimamaka hivi. Kichwa yake ilikuwaka inalala ku kushoto, sawa vile anasikiliza kitu. Tangu nilimuzaa. Bakubwa ba karata bananyorosha kila mutu." Akamtazama Blandine bila hasira, na hilo lilimuumiza Blandine kuliko matusi. "Mi najifunika na kilio ya mutoto ya nani leo?"

Wengi walikuwa wamekwisha kuvaa fulana. Josias asiye Josias alikuwa vifuani mwao wote. Blandine aliondoka kwa haya, na njiani alikasirika. Alisema moyoni kwamba uchungu umempofusha yule mama, kwamba kadi ni kadi, kwamba mtu atachoraje asichoambiwa. Alipofika nyumbani hasira ilikuwa imekwisha na ukweli umebaki: mama yule hakusema kwa sababu hakuona, na hakuona kwa sababu ya chuma kile.

Ezéchiel aliposimuliwa alitikisa kichwa kwa huruma. "Batu ba kilio ni vile. Haukosee kitu, Mama Merdi. Ile support iko muzuri."

Blandine aliazima spana kwa jirani, akaishusha skrini, akairudisha kwenye meza fupi. Shingo ikarudi kuinama. Ganzi ikapanda mpaka kwenye kifundo cha mkono. Kalamu ilianza kumponyoka katikati ya jicho la mtu, na alianza kuwarudisha wateja kutoka getini akisema anaumwa, jambo ambalo lilikuwa kweli. Kalamu aliiweka katika kabati la vyombo, pamoja na vijiko.

Kisha Tata Mulumba akafa.

Alikuwa mjomba wa Ezéchiel, manseba kwa lugha ya Kasai, mstaafu wa bwawa la Nzilo, naye ndiye aliyemlea Ezéchiel tangu akiwa hawezi kufunga kamba za viatu. Aliletwa hospitali ya mjini, hakutoka tena. Matanga yakawekwa nyumbani kwa Ezéchiel. Viti vilitolewa nje, mikeka ikatandikwa sebuleni, na mjane, Mama Elise, akaketi katikati amejifunga kitenge kiunoni. Ezéchiel, ambaye kwenye misiba ya wengine alikuwa hodari wa kupanga viti, hakujua aiweke wapi mikono yake.

"Blandine," alisema Mama Elise, "utamuchora Tata. Siyo mwingine."

Blandine aliufunua mkono wake wa kuume. "Mama Elise, uso nitamufanya. Ile nguvu kidogo yenye inabaki, naiweka ku uso. Koti siweze." Akamgeukia mumewe. "Tata Merdi, kaa hapa. Utapaka koti."

"Mi? Mi sijue kuchora!"

"Mistari nimekwisha kuvuta. Utajaza ndani tu."

"Si machine inaweza kujaza yenyewe?"

"Inaweza. Koti inatoka sawa ndoo ya plastiki. Unataka kumuzika manseba yako mu ndoo?"

Ezéchiel akavua koti lake, akaketi kwenye kile kigoda kilichokuwa cha mkewe miaka yote hiyo, akashika kalamu. Jamaa wakajisogeza na mikeka yao. Koti la Tata Mulumba lilikuwa la kahawia, la sufu, lililochakaa bega la kulia, na ilibidi lipakwe mstari kwa mstari jinsi nyuzi zilivyolala. Mwanzoni aliona ni kazi nyepesi. Alijaza kola, akajaza kifua. Kisha akahisi kitu kinamtekenya chini ya kisogo. Akajinyoosha, na mara shangazi mmoja akasema, "Haya, endelea, tuko tunaangalia." Akainama tena. Ule mtekenyo ukawa msumari. Msumari ukashuka begani. Alibadilisha goti, akabadilisha tako, akaegemea kiwiko, na kiwiko nacho kikalalamika.

"Bega upake pole pole," alisema Mama Elise. "Pale njo alikubebaka, ukiwa mutoto. Njo pale palichakaa."

Machozi yakamlenga Ezéchiel. Hakuweza kuyafuta, kwa maana mkono mmoja ulikuwa na kalamu na mwingine umeshikilia skrini, na shingo ilimzuia hata kugeuka. Baada ya muda hakuvumilia tena. "Ngoja," alisema, "niweke ku ile bras." Akaifunga skrini kwenye mkono wa chuma, juu ya meza ndefu iliyosogezwa ukutani, akaipandisha sawasawa na macho, kama sheria ya ofisi zote inavyotaka. Akaegemea ili amalizie bega. Skrini ikarudi nyuma, kalamu ikateleza, na mstari wa kahawia ukapita katikati ya shingo ya mjomba wake.

Nyuma yake sauti ya Mama Elise ikatoka chini mkekani, ndogo, ya mtoto aliyeachwa njiani.

"Ezéchiel, unamupeleka Tata wapi?"

Ezéchiel akageuka. Aliwaona wote pale chini, nyuso zimeinuliwa, wakitazama kisogo cha chuma na waya. Akamkumbuka mama wa Manono ambaye hakuwahi kumwona kwa macho. Alishuka polepole, akairudisha skrini kwenye meza fupi, akamtazama mkewe aliyekuwa ameketi kando ameukumbatia mkono wake wenye ganzi kama mtoto mgonjwa.

"Mama Merdi," aliuliza kwa sauti ya chini, "iko inauma hivi kila siku?"

"Hii ni koti tu, Tata Merdi," alisema Blandine. "Uso bado."

Hakumcheka. Angeweza, lakini alikuwa amechoka, na yeye pia alimpenda yule mzee. Akamsogeza, akafuta ule mstari, akamchora Tata Mulumba kidogo kidogo, akipumzika kila baada ya nukta chache. Ezéchiel alipiga magoti nyuma yake akaishikilia shingo yake kwa viganja viwili mpaka Mama Elise alipolia.

Mazishi yalipopita, Ezéchiel alimwambia mkewe, "Twende ku duka, uchague. Mi nitabeba." Akasita. "Na nitanyamaza, kama inawezekana."

Katikati ya mji kulikuwa na duka la vifaa vya ofisi la kijana mmoja aitwaye Dimitri. Aliwaletea stendi zikiwa katika maboksi, akaanza kusoma sifa zilizoandikwa nje. Ezéchiel alikohoa, akaufunga mdomo.

"Toa mu karto," alisema Blandine.

Alizitaka zote mezani. Ya kwanza ilikuwa nyepesi. Aliegemeza mkono mzima, ikateleza. Ya pili ilisimama imara lakini ilikuwa na mwinamo mmoja tu, kama mimbari ya mhubiri. Ya tatu ilikuwa pana chini, nzito, yenye viungo viwili vilivyokunjika kama goti na kiuno, bila nati ya kukazwa. Blandine akaikandamiza kwa viwiko vyote viwili kama anayekanda unga wa mikate.

"Mama, utabomoa!" alilia Dimitri.

"Njo natafuta yenye haibomoke."

Haikubomoka, wala haikuyumba. Akaipandisha kwa mkono wa kushoto peke yake mpaka kifuani, shingo yake ikabaki imenyooka. Akaishusha hadi ikakaribia kulala, akaizungusha ikatazama upande wa pili. Kisha akamwambia mumewe, "Kaa chini."

"Chini wapi?"

"Pale. Uniambie unaona nini."

Ezéchiel Nkongolo, karani wa manunuzi, katika shati lake jeupe la ofisini, aliketi sakafuni katikati ya duka, huku wateja wakimpita pembeni. Alinyoosha miguu kama anavyonyoosha mfiwa.

"Naona mbao ya kulalisha écran, pembeni inang'aa," alisema. "Shusha kidogo. Ongeza. Aya. Sasa naona yote."

"Tunabeba hii," Blandine akamwambia Dimitri.

Mkono hauponi kwa siku moja. Ganzi ilirudi nyuma taratibu, kutoka kifundo mpaka vidoleni, na kidole kimoja kimekataa kupona hadi leo. Lakini kalamu ilitoka katika kabati la vijiko. Blandine alichora akiwa ameketi wima, skrini imemjia kifuani, na kila mfiwa alipotaka kuona, aliishusha na kuizungusha kwa mkono mmoja mpaka marehemu akawafikia watu wake mkekani.

Mtu wa kwanza aliyemwita hakuwa mteja. Ilikuwa karibu siku ya kuondoa msiba wa Josias, na Blandine alituma ujumbe kwa vijana wa machimboni wamlete mama yake tena. Mama Laurentine alikuja akisitasita. Akaketi pale pale alipoketi mara ya kwanza.

"Mama, nilikukosea," alisema Blandine.

"Haukuniona," alijibu yule mama. "Na mi sikukuona. Kile chuma kilikuwa katikati."

Blandine akaishusha skrini mpaka ikafika magotini kwake. Josias alikuwa pale, wima, kama kadi ilivyomtaka. Mama Laurentine alinyoosha kidole kilichopasuka kwa kazi ya shamba, akagusa shavu la mwanawe, akalisukuma taratibu kuelekea kushoto. Blandine akakifuata kile kidole kwa kalamu. Kichwa kikainama kidogo.

"Ongeza."

Kikainama zaidi, kama kinasikiliza kitu.

Mama Laurentine akaegemea skrini kwa uzito wake wote akalia. Stendi haikuyumba.

Ezéchiel alikuwa amesimama mlangoni, ndiyo kwanza ametoka kazini, mkoba ungali begani. Alimwona yule mama sakafuni, akaona na kiti cha sofa kitupu kando yake, na ulimi ukamwasha. Alitaka kumwambia, Mama, kaa juu, chini kuna baridi. Badala yake akavua viatu, akaenda kuketi mkekani kando yake, na kutoka pale chini akamtazama Josias.

Kweli, kitanda usichokilalia hujui kunguni wake.